Airstream ya 1973 imekaa shambani, sakafu ya nyuma imelowa: ninunue au nikimbie?

Mtoka_Ukerewe (Columbus, Ohio)
Wakuu, habari zenu. Kuna mkulima mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa anauza karavani, Airstream Sovereign ya 1973, futi 31, lile trela la bati linalong'aa. Limekaa kando ya ghala miaka mingi tangu baba yake aache kusafiri. Anataka dola 6,500. Nimekwenda kulitazama Jumamosi. Bati lina mikwaruzo na limebonyea kidogo upande wa dereva, madirisha yote yapo, makabati ni yale yale ya kiwandani. Shida ni nyuma kabisa, bafuni. Sakafu kando ya choo inabonyea ukikanyaga, na plaiwudi imepiga weusi mpaka ukutani. Mwenyewe anasema paa lilizibwa upya, halivuji, na huo ni unyevu wa zamani. Lakini huku mvua haijanyesha wiki nzima na nilipogusa ile mbao ilikuwa bichi, vidole vikatoka na maji.

Kama paa halivuji, maji yanatoka wapi? Na hii kazi inafanyika uani kwa mtu mwenye vifaa vya kawaida, au niachane nayo? Lengo ni kulikarabati tuzunguke na watoto kwenye hifadhi za taifa za huku.

Ngoja_Nione
Siti ya mbele kabisa. Dola 6,500? Hiyo hela Ukerewe unainua boma mpaka lenta.

Chuma_Houston
Mkuu, maji tutayajadili. Kwanza kuna jambo kubwa zaidi. Rudi pale na mtu mmoja. Wewe panda juu ya bampa la nyuma, rukaruka taratibu. Mwenzako achuchumae pembeni akitazama pale bodi linapokutana na bampa. Vikipanda na kushuka kwa pamoja, vizuri. Bampa likishuka halafu bodi likabaki juu, ukaona uwazi unafunguka na kujifunga, ujue bodi limeachana na chesisi.

Sababu ni hii. Airstream chini ina chesisi ya chuma, juu yake plaiwudi, na juu ya plaiwudi ndiyo linakaa bodi la alumini kwa reli yenye umbo la U. Bolti zinapita zote tatu. Sasa plaiwudi ikioza pale nyuma, bolti zinabaki zimeshika unga. Bodi linaanza kutembea kivyake na chesisi kivyake. Na lile bodi si pambo, ndilo linaloipa chesisi nguvu. Vikiachana, chesisi peke yake haiwezi kubeba mkia mrefu kiasi kile.

Sovereign na nyingine ndefu za miaka ya 70 zenye bafu nyuma zinajulikana sana kwa ugonjwa huu. Mimi ni mchomeleaji, nimeshafungua kadhaa. Maji huwa yanaingia kwenye lile bati la juu ya bampa: mvua inateremka ukuta wa nyuma, inagonga pale, na badala ya kumwagika nje inaingia chini ya bodi moja kwa moja kwenye ukingo wa plaiwudi. Paa unaweza kuliziba mara mia, sakafu itaendelea kulowa.

FundiBodi_Keko (Dar)
Naheshimu alichosema Chuma ila nadhani ameanza mwisho. Mimi nimeunda mabodi ya mabasi muda mrefu. Tazama picha ya hilo trela: ekseli ziko katikati, nyuma yake unaning'inia mkia mrefu, na mwisho wa mkia wameweka bafu, choo na tanki. Kila shimo la barabara mkia unapigwa juu chini. Bolti zinalegea kwanza kwa mtikisiko, mwanya unafunguka, ndipo maji yanapata njia. Kwa hiyo kuoza ni matokeo tu, chanzo ni chuma kuchoka.

Mtoa mada, chukua uzi, mtu mmoja ashike mbele na mwingine nyuma, uvute uwe kama waya kando ya chesisi. Ikiwa chesisi imeinama nyuma ya ekseli utaona kwa macho, hakuna haja ya kipimo kingine.

Mama_Chiku (Minneapolis)
Salaam. Hamjamuuliza kuhusu mabomba. Airstream za enzi hizo mabomba ya maji ni shaba, na huku kwetu kwenye baridi, mtu asipomwaga maji kabla ya majira kubadilika, barafu inapasua shaba. Huoni mpaka uwashe pampu. Yangu si Airstream, lakini jirani yangu alinunua moja, akaunganisha mpira wa bustani, maji yakatoka ukutani sehemu tatu kwa mpigo. Bafu liko nyuma, kulowa kuko nyuma. Mimi ningeanza hapo.

Mtoka_Ukerewe
Shukrani wakuu. @Mama_Chiku, maji hayajaunganishwa tangu walipoacha kulitumia, na tanki ni kavu, niligonga nikasikia. @Chuma_Houston, mtihani wa bampa sikuufanya, nilikuwa peke yangu. Ila nilipiga tochi chini nikaona bati limefunika kila kitu, chesisi haionekani.

Chuma_Houston
Hilo ni bati la tumboni. Linaficha dhambi zote. Omba ruhusa utoe ribiti chache pale nyuma ulifungue kidogo, ukatazame chuma kwa macho. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu.

Msuka_Mkeka (Stuttgart)
Kwa maelezo haya, mimi nasema maji hayo hayatoki popote leo. Ni ya zamani na yamekosa pa kutokea. Ndani ya lile tumbo kuna pamba ya vioo, wameilaza kati ya chesisi na plaiwudi. Pamba ile ikilowa haikauki, chini kuna bati na juu kuna mbao. Ongeza kwamba trela limeegeshwa juu ya majani: usiku bati linapoa, mvuke wa ardhini unageuka maji kwenye bati, unalowesha pamba. Wiki moja bila mvua si kitu.

Ukifungua hilo bati kama alivyosema Chuma, minya pamba. Ikitoa maji meusi yenye harufu ya panya, muuzaji hajakudanganya kuhusu paa.

Papa_Lushois (Toronto)
Bandugu, jambo. Mnasahau taa za nyuma! Raba zake zinakauka, maji yanapita nyuma ya taa, yanashuka ndani ya ukuta hadi sakafuni na wewe ndani huoni hata tone. Pia bomba la kutolea hewa ya choo linalotokea paani, na kizibo cha dirisha la nyuma. Dawa ni mpira wa maji. Mmoja ndani na tochi, mwingine nje anamwagia akianza CHINI, pale kwenye bampa, dakika chache, kisha taa, kisha dirisha, ndipo paa la mwisho. Ukianza juu, maji yanateremkia kila tundu na hutajua lipi lililoingiza.

Kuna njia nyingine ya mafundi wa huku: wanafunga madirisha yote, wanasukumia hewa ndani kwa feni, halafu nje wanapaka maji ya sabuni. Penye tundu panatoa povu.

Ngoja_Nione
Mpaka sasa maji yameingilia bampani, kwenye bolti, kwenye bomba, kwenye taa na ardhini. Yamebaki ya ubatizo tu.

FundiBodi_Keko
@Ngoja_Nione, bora mchangie kwa kitu.
@Msuka_Mkeka, hoja yako ya mvuke naikubali nusu. Ungekuwa mvuke, sakafu yote ingelowa, mbele mpaka nyuma. Yeye anasema nyuma tu.

Msuka_Mkeka
Si lazima. Akiwa ameegesha mbele juu nyuma chini, maji yote yanakimbilia nyuma. Mtoa mada, limeegeshwaje?

Mtoka_Ukerewe
Mbele liko juu ya gogo. Nyuma limelala kweli, bampa karibu linagusa majani.

Msuka_Mkeka
Basi.

Chuma_Houston
Basi nini? Nyuma kulala ndiyo dalili yenyewe ya bodi kuachana na chesisi 😀 Kila mtu hapa atachukua gogo hilo hilo kuthibitisha lake.

Kwenye paa: "lilizibwa upya" kwa kitu gani? Kama ni silikoni ya dukani, hesabu kazi ya ziada. Silikoni ikishazeeka inabanduka ukingoni, na hakuna kitu kingine kinachoshika juu yake, hata silikoni mpya. Itabidi ukwangue yote mpaka bati lionekane ndipo upake gundi ya poliurethani. Ukucha unatosha kuipima: silikoni inang'ooka kama mpira, poliurethani inakatalia.

Mama_Chiku
Wanangu, mmesikia "harufu ya panya" mkapita. Mimi ni muuguzi, hapa nasimama. Panya wa porini wa Marekani, hasa yule mwenye tumbo jeupe, hubeba virusi vya hanta. Mtu huvuta vumbi la mkojo na kinyesi chao kilichokauka, mapafu yanajaa maji, na wengi hawatoki hospitalini. Ni ugonjwa adimu lakini hauna dawa maalumu.

Kwa hiyo unapofungua dari au tumbo la karavani lililokaa: USIFAGIE, usipulize, usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Fungua milango na madirisha, ondoka, acha hewa ipite angalau nusu saa. Rudi na glavu na barakoa nzuri. Nyunyizia dawa ya jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, iache iloweshe dakika tano, kisha futa na karatasi na kutupa kwenye mfuko uliofungwa. Watoto wasiingie mpaka umemaliza. Pamba yote iliyokaliwa na panya inatoka, hakuna kuibakiza kwa sababu "upande huu uko safi".

Papa_Lushois
Asante Mama. Hili watu hawalisemi.

Chuma_Houston
Naongeza kitu ambacho hakuna aliyegusa: ekseli. Airstream hizo hazina springi za chuma. Ekseli ni bomba, ndani kuna fimbo za mpira, na mkono unaoshika gurudumu unajisokota kwenye mpira huo. Mpira ukibebeshwa uzito miaka mingi bila kutembea unalala, haurudi. Kupima: trela likiwa limesimama kwenye matairi yake, tazama mkono kuanzia kwenye bomba hadi katikati ya gurudumu. Ukielekea chini, bado una uhai. Ukiwa sambamba na ardhi, umekwisha. Ukielekea juu, limekwisha siku nyingi. Haitengenezeki, unatoa ekseli nzima unaweka mpya, na hiyo Sovereign ina mbili.

FundiBodi_Keko
Sasa unaona? Mpira ukifa, mtikisiko wote unakwenda kwenye mkia. Bolti zinalegea. Ndiyo hoja yangu tangu juu.

Chuma_Houston
Fundi, nakupa nusu. Lakini nimeshafungua ambazo ekseli zilikuwa nzima na sakafu imeoza, na hazikuwa zimesafiri sana. Ni mvua tu.

Dada_wa_Dayton
Jamani, Ohio hapa kuna suala la karatasi. Hati ya umiliki ya trela hutolewa na ofisi ya karani wa mahakama wa kaunti, kitengo cha hati, si pale tunapochukulia namba za gari. Na muuzaji lazima asaini mbele ya nothari, yaani afisa anayeshuhudia saini. Asije akakusainia mezani jikoni ukaondoka umefurahi. Mwambie mkutane benki au hapo hapo ofisini. Kama hati iko kwa jina la baba yake na baba ameshafariki, mirathi ndiyo itaamua nani ana haki ya kuuza. Lilinganishe bamba la namba lililo karibu na mlango na namba iliyogongwa kwenye chuma cha mbele, zisome herufi kwa herufi.

Mimi nilishakosa trela zuri kwa sababu hiyo, na sikujuta. Bila hati una bati la kufugia kuku.

Mtoka_Ukerewe
Dada umenifungua macho. Alisema "hati ya mzee ipo mahali". Sikumuuliza mzee yuko hai au la.

Ngoja_Nione
Muulize kwa adabu.

Umeme_Mwanza
Ngoja niseme la fani yangu. Nilifanya kazi huko kabla ya kurudi. Plagi ya karavani ya ampea 30 ni ya volti 120. Ina pini tatu, na sura yake inafanana na ya mashine ya kukaushia nguo ambayo ni volti 240. Fundi wa nyumbani asiyejua karavani akiombwa "soketi ya ampea 30" anaweka 240, na ukichomeka tu unachoma kiyoyozi, chaja na kila kilichowashwa. Ipime kwa mita kabla hujachomeka, hata kama soketi ni ya muuzaji mwenyewe.

Friji ya gesi: nyuma yake nje kuna kijilango. Fungua. Ukikuta unga wa njano kwenye mabomba au harufu kali ya amonia, moyo wa friji umetoboka. Na unapojaribu friji hizo trela liwe limenyooka, zikiinama hazipoozi na zinaharibika. Gesi yenyewe ijaribiwe kwa maji ya sabuni kila kiungio, na regyuleta ya zamani, ile inayopunguza nguvu ya gesi, usiiamini, weka mpya.

Kijana_wa_Kilindoni
Naomba kuuliza, likishakarabatiwa mtu anaweza kulileta Bongo? Ningelifanya nyumba ya wageni ufukweni Mafia.

Umeme_Mwanza
Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50. Wao ni 120 na 60. Taa unabadilisha, lakini kiyoyozi na mota zake utavitupa.

Msuka_Mkeka
Na mlango! Matrela ya Marekani mlango uko kulia, kwa sababu wao huendesha kulia na mlango unafungukia pembezoni. Kwetu tunaendesha kushoto. Ukisimama kando ya barabara ya Morogoro mtoto anashukia katikati ya malori. Ya Uingereza mlango uko kushoto, ndiyo yanatufaa.

Kijana_wa_Kilindoni
Mimi sitasimama barabarani, nitaliweka chini ya mnazi.

Mzee_Mkunazini (Nairobi)
Hizo Airstream si ngeni Afrika. Mwanzilishi wake Wally Byam alileta msafara mzima kutoka Cape Town mpaka Cairo, ukapita Kenya na Ethiopia, nafikiri 1963. Walivuta kwa mapikapu ya Kimarekani kwenye barabara za vumbi na matope, na matrela yakafika.

Dada_wa_Dayton
Mzee shikamoo. Msafara wa Cape Town hadi Cairo ulikuwa 1959 hadi 1960. Ule wa 1963 ni mwingine, ulianzia Singapore ukaishia Lisbon, na Byam hakuwepo, alifariki 1962. Kiwandani kwao Jackson Center, hapa hapa Ohio, wana jumba la makumbusho. Mtoa mada akipita huko ataona matrela ya zamani yakiwa kamili, itamsaidia kujua kipi kwenye lile la mkulima si cha asili.

Mzee_Mkunazini
Marahaba binti yangu, nimepokea. Na wangepita na lile la mkia mrefu, nadhani Fundi wa Keko angepata kazi Moyale.

FundiBodi_Keko
Ningelishughulikia bure mzee.

Papa_Lushois
Kaka wa Ukerewe, mbona hutazami matrela ya faiba? Boler ilizaliwa Winnipeg 1968, Scamp ikafuata Minnesota, Casita ni ya Texas. Bodi ni maganda mawili ya faiba yaliyounganishwa katikati, hakuna ubavu wa mbao wa kuoza, na ni jepesi. Yangu ni Boler ya futi 13. Si kwamba haina ugonjwa: sakafu ni mbao vilevile, na chesisi hupasuka pale mbele inapojikunja kuelekea kwenye ndoano ya kuvutia. Piga magoti, futa kutu na brashi ya waya, utafute ufa mwembamba kwenye kona hiyo. Kuchomelea ni kazi ya nusu siku.

Mama_Chiku
Scamp yangu ni shahidi. Ila kwa familia yenye watoto watatu, futi 13 mtalala kwa zamu.

Chuma_Houston
Na asikimbilie yale ya mbao yenye bati juu, kina Shasta, kwa kuona bei ndogo. Pale fremu yote ni vipande vyembamba vya mbao, na maji yanaingia kwenye vile vipande vya alumini vya kona. Ukuta unaweza kuwa umepakwa rangi mpya nyeupe nzuri na nyuma yake hakuna kitu. Bonyeza kila kona kwa kidole gumba, fungua kabati za juu, ingiza kichwa chini ya kitanda na bisibisi mkononi. Rangi mbichi kwenye trela la zamani mimi hunitia wasiwasi kuliko madoa.

Mtoka_Ukerewe
Tuko watano, kwa hiyo futi 13 hapana. Vipi bei? Kwa hayo yote, 6,500 ni halali?

Chuma_Houston
Kwa bodi lililoachana na chesisi na ekseli zilizokufa, mimi ningeanza 2,500 na nisingepita 3,500. Ekseli mbili, plaiwudi ya nyuma, chuma, gundi, matairi. Nguvu zako hujahesabu.

Dada_wa_Dayton
Kwa Ohio hatalipata kwa 2,500. Madirisha yote mazima na makabati ya asili, hivyo tu vina wateja. Ningesema 4,500 kama hati iko safi.

Msuka_Mkeka
Huku Ujerumani ningelikataa hata la bure kama gogo likitolewa, bodi la nyuma linainuka bila chesisi. Karavani yangu ndogo, Eriba, ina mifupa ya bomba la chuma, na bado ukaguzi wa kila miaka miwili wananitoa jasho.

FundiBodi_Keko
Bei mwachieni yeye. Kabla hajalivuta lazima matairi. Namba nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. 2312 ni wiki ya 23 ya 2012. Zikiwa tatu tu, tairi limetengenezwa kabla ya 2000. Kashata, yaani meno ya tairi, zinaweza kuwa nzima kabisa na tairi likapasuka kabla hujafika njia kuu. Na beringi, fungua, paka grisi mpya pale pale shambani.

Chuma_Houston
Hapo tumekubaliana. Pia mtafute mtu wa kukuazima kidhibiti cha breki kwenye pikapu, maana breki za magurudumu yale ni za umeme. Uzito wa mbele unaolalia ndoano uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Ukipungua, trela litaanza kuyumba mkia kwenye mwendo. Mizani ya malori barabarani itakupa jibu.

Mtoka_Ukerewe
Pikapu yangu ni F-150. Narudi Jumamosi na shemeji: bampa, uzi, bati la tumboni, mikono ya ekseli, na mpira wa maji kuanzia chini. Dada, hati nampigia leo jioni.

Papa_Lushois
Na gogo. Litoeni kwanza, liacheni lisimame sawa usiku mmoja kama atakubali, ndipo muonje sakafu.

Msuka_Mkeka
Likikauka, mmejua ni nani alisema.

Chuma_Houston
Pamba ya miaka hamsini haikauki usiku mmoja, Stuttgart.

Kijana_wa_Kilindoni
Samahani narudi kwenye Boler. Ile faiba, chumvi ya bahari inaifanya nini?